Nafuu za serikali wakati wa korona mwaka 2020: ni ipi iliyomfikia mchuuzi na familia yake?

Katibu wa Chama, Mombasa

Nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wadogo wa Kisauni, chenye wauza mboga na samaki, wapishi wa vyakula vya jioni, mafundi cherehani, vinyozi na wenye maduka machache ya rejareja. Tumealikwa kuwasilisha maoni ya maandishi katika kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu namna kaunti inavyopaswa kujitayarisha kwa majanga, nami nimekabidhiwa sehemu ya msaada kwa familia na biashara endapo maradhi mengine ya kuambukiza yatalazimu watu kufungiwa tena. Sitaki tuandike malalamiko matupu. Nataka tuandike jambo ambalo afisa wa mipango akilisoma ataona limetoka kwa watu waliofuatilia mambo yalivyokwenda.

Kwa kumbukumbu tu, tarehe 25 Machi 2020, siku 12 baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato, kwamba kiwango cha juu cha kodi ya mishahara na ile ya kampuni kitashuka kutoka asilimia 30 hadi 25, kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa kwenye bei ya bidhaa, kutoka asilimia 16 hadi 14. Shilingi bilioni 10 zilitengewa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza, na majina ya watakaochelewa kulipa mikopo kuanzia Aprili yakazuiwa kupelekwa CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji. Tarehe 23 Mei ukaja mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7, ambao ndani yake mlikuwa na Kazi Mtaani (ajira ya muda ya usafi wa mitaa kwa vijana), fedha za kuwaajiri walimu, pembejeo za wakulima, mikopo ya kukarabati hoteli na mtaji wa kuanzisha mfuko wa dhamana ya mikopo.

Huku kwetu kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa 1 jioni, ambayo ndiyo saa muuza viazi karai na mishikaki huwasha jiko lake. Kaunti ilifungwa tarehe 8 Aprili na haikufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai. Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, mwezi ambao wapishi wetu huutegemea kwa mwaka mzima. Hoteli za ufuoni zilipokosa wageni, waliorudi nyumbani hawakuwa wahudumu peke yao. Mvuvi aliyekuwa akiwauzia pweza, dobi aliyekuwa akiwafulia mashuka na dereva wa tuktuk aliyekuwa akiwangoja wageni langoni, wote walikaa bila kazi kwa pamoja.

Nimewauliza wanachama wetu mmoja mmoja walipata nini katika haya yote. Jambo pekee ambalo karibu kila mmoja amelitaja ni kwamba kutuma pesa kwa M-Pesa chini ya shilingi 1,000 kulikuwa bure, na hiyo haikuwa fedha ya Hazina. Swali langu kwenu ni hili: kati ya nafuu zilizotolewa, ni ipi iliyofika hasa, ni kwa sababu gani nyingine hazikufika, na sisi tuombe nini? Kupunguziwa kodi, kupewa fedha mkononi, au mikopo?

Mhasibu, Nakuru

Ndugu Katibu, nitajibu upande wa kodi pekee, kwa kuwa ndio ninaoshughulika nao kila siku, na naamini hesabu zenyewe zitakusaidia kuliko maelezo marefu.

Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 24,000. Kabla ya Aprili 2020 alikuwa akikatwa kodi ya mapato ya takriban shilingi 1,500 kwa mwezi, hata baada ya kupewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 1,408. Sheria iliyotiwa saini mwezi huo ilipandisha nafuu hiyo hadi shilingi 2,400, na kuweka asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza, kwa hiyo akawa hadaiwi chochote. Sasa chukua aliyelipwa shilingi 100,000. Yeye alikuwa akikatwa kama shilingi 22,600, akaanza kukatwa kama shilingi 16,500, yaani alibakiwa na zaidi ya shilingi 6,000 kila mwezi, mara nne ya alichobakiwa nacho mwenzake. Mwanachama wako anayeuza sukuma wiki, ambaye hana hati ya mshahara, hakubakiwa na hata senti moja kwa njia hii. Sisemi kwamba mwenye shilingi 100,000 hakustahili, kwa maana wengi wa kipato hicho walipunguziwa mishahara na waajiri wao na bado walikuwa wakiwalisha jamaa mashambani. Nasema tu kwamba nafuu ya kodi humpa zaidi aliyekuwa akilipa zaidi, na haina mlango wa kumfikia asiyekuwa kwenye daftari la kodi.

VAT nayo ilionekana kama nafuu ya kila mtu, lakini angalia kapu la familia maskini. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida vilikuwa tayari havitozwi, na mboga mbichi za sokoni vilevile. Punguzo la asilimia 2 liliangukia zaidi bidhaa za viwandani, na hata huko lilitegemea muuzaji wa jumla akubali kushusha bei. Duka lenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka kwa kawaida halijasajiliwa kwa VAT, hivyo mwenye duka hana pa kudai kodi aliyolipia bidhaa zake. Anachouziwa ndicho anachokipokea.

Iliyowasaidia wafanyabiashara wadogo halisi, kwa maoni yangu, ni kodi ya mauzo. Kodi hii hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo mwaka wa hasara huuma zaidi. Duka lililouza shilingi 300,000 kwa mwezi lilishuka kutoka kulipa shilingi 9,000 hadi 3,000, na biashara zenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka ziliondolewa kabisa katika kodi hiyo. VAT na kiwango cha juu cha kodi ya mishahara vilirudi vilikokuwa tarehe 1 Januari 2021, wakati biashara nyingi za pwani zilikuwa hazijainuka, lakini kodi ya mauzo ilibaki asilimia 1 mpaka katikati ya 2023. Nafuu ya shilingi 2,400 kwa wafanyakazi nayo ilibaki.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulizingatie kabla ya kuandika mstari wowote. Mnaandikia kaunti. Kaunti haina uwezo wa kupunguza VAT wala kodi ya mapato, kwa kuwa Katiba imeziweka chini ya serikali ya kitaifa. Mkiomba hayo, barua yenu itawekwa kando kwa heshima zote. Yaliyo mikononi mwa kaunti ni ada ya kila siku ya soko, leseni ya biashara, kodi ya vibanda vyake, na madeni yake kwa watu walioiuzia bidhaa na huduma. Hili la mwisho watu hulisahau. Serikali ya kitaifa katika tangazo lile la Machi iliziagiza wizara zilipe madeni ya angalau shilingi bilioni 13 na ikatenga shilingi bilioni 10 za kurudisha VAT iliyokuwa imekwama, nami naona fedha hizo ni haki ya wafanyabiashara na zingewafikia bila kuanzisha mpango mpya. Mwanachama wenu aliyeshona sare au kupeleka vitafunio katika ofisi ya umma, naye anadai mwaka wa pili, anaweza kuokolewa kwa kulipwa tu anachodai. Andikeni kwamba, janga likitangazwa, ada za soko zisitishwe siku hiyohiyo kwa tangazo moja, na madeni ya wadogo yalipwe kwanza.

Kiongozi wa zamu, Kisumu

Mimi nilikuwa katika Kazi Mtaani, kwa hiyo naongeza neno kuhusu hiyo tu. Awamu ya kwanza ilianza mwishoni mwa Aprili 2020 katika mitaa ya mabanda ya kaunti nane, Mombasa, Kilifi na Kwale zikiwemo, na awamu ya pili ikaenea kaunti zote 47 kuanzia Julai, ikilenga vijana zaidi ya 280,000. Katika awamu ya pili kijana alilipwa shilingi 455 kwa siku, na siku zikagawanywa ili wengi wapate, kila mmoja siku 11 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 5,005.

Nimesoma watu wakiidharau kazi ile kwa kuwa ilikuwa ya kufagia na kuzibua mitaro. Mimi siidharau hata kidogo. Katika mtaa wetu shilingi 5,000 zililipa kodi ya chumba na kubakisha cha unga, na mitaro iliyokuwa ikimwaga maji machafu mlangoni mwa watu ilipitika. Tena fedha ziliingia kwenye simu ya mfanyakazi mwenyewe, bila kupitia mkono wa mtu. Lakini malipo yalichelewa mara kwa mara, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, na mwenye duka aliyetukopesha unga kwa kutegemea malipo hayo ndiye aliyebeba mzigo wetu wote. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kama mtaomba kazi za namna hii, ombeni tarehe ya malipo iandikwe na ifuatwe. Na mkumbuke kwamba mama wa miaka 55 mwenye genge hakuwa na nafasi humo, kwa kuwa mpango ulikuwa wa vijana.

Mzee wa mtaa mstaafu, Kilifi

Katibu, mwanangu, pokea salamu zangu. Nimesoma hesabu za Mhasibu na maneno ya huyu kijana wa Kisumu, na yote ni kweli, ila hakuna aliyezungumzia daftari, na mimi naona mambo yote yaliharibikia pale kwenye daftari.

Nilikuwa mmoja wa wazee walioitwa kusaidia kuandika majina ya familia zitakazopewa fedha kwa simu. Sitataja eneo wala ofisi, kwa sababu nia yangu si kumshitaki mtu. Tulipewa idadi ya majina ambayo ilikuwa ndogo kuliko nyumba zenye njaa, na tukatakiwa tuyarudishe kabla ya jioni ya kesho yake. Daftari lilikuwa la kaunta, la jalada jeusi, lenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na idadi ya watu nyumbani. Hebu tazama kilichotokea katika safu hizo nne.

Safu ya jina ilidhani kwamba nyumba moja ni familia moja. Huku kwetu nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita ina familia sita, kila moja na jiko lake na deni lake, lakini aliyeandikwa ni mmoja, mara nyingi mwenye nyumba, ambaye ndiye anayejulikana na wazee. Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wamefukuzwa kazi hotelini, walikuwa wageni wa bara wasio na mtu wa kuwataja. Safu ya kitambulisho iliwaacha nje wanawake kadhaa ambao tunajua wamezaliwa hapa na wazazi wao wamezikwa hapa, lakini hawajawahi kupewa kitambulisho kwa sababu ya kuzungushwa. Safu ya simu ilikuwa na shida yake. Bibi mmoja jirani yangu, mjane anayelea wajukuu, alikuwa akitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe aliyehamia Malindi. Jina la kitambulisho na jina la laini halikulingana, malipo yakakataa. Alikuja kwangu kila Ijumaa kuuliza kama jina lake limetoka, na kila Ijumaa sikuwa na la kumjibu kwa maana hapakuwa na ofisi yoyote niliyoweza kumpeleka ili akarekebishiwe. Safu ya nne haikutumika kabisa, kwani mwenye watu wawili na mwenye watu kumi walipangiwa kiasi kilekile, shilingi 1,000 kwa wiki.

Juu ya hayo, muda ulipokuwa mfupi na majina yakawa machache, watu waliwaandika wanaowajua. Wengine walifanya hivyo kwa upendeleo wa makusudi, na wengine kwa sababu ndio waliowakumbuka kwanza. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwezi Julai 2021 kuhusu fedha za aina hii jijini Nairobi, likaeleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya familia zenye shida zilizofikiwa, na kwamba maafisa waliingiza jamaa na marafiki. Nilipoisikia redioni sikushangaa.

Linganisha na wazee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wazee na wasiojiweza. Wao walikuwa wameandikwa miaka kabla ya korona, wana shilingi 2,000 kwa mwezi, na malipo yao yalipoamriwa yalitoka. Yalichelewa, ndiyo, lakini hakuna aliyehitaji kumbembeleza mzee wa mtaa ili ayapate. Sababu ni moja tu, kwamba daftari lao lilikuwepo kabla ya ugonjwa. Aliyeandikwa mapema alilipwa. Anayetafutwa wakati wa njaa huandikwa kwa haraka, kwa woga na kwa kujuana. Kwa hiyo, mwanangu, kabla hamjaomba fedha, ombeni daftari liandikwe sasa hivi, wakati hakuna anayekimbizana na mtu.

Katibu wa Chama, Mombasa

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru sana. Hilo la wapangaji na laini za simu limetokea pia kwetu, nasi tulikuwa tukilichukulia kama bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Mhasibu, nakushukuru kwa kutukumbusha tunamwandikia nani, na wewe wa Kisumu nimeipokea ile ya tarehe ya malipo.

Naomba mwenye ujuzi wa mikopo atusaidie. Baadhi ya wanachama wanataka tuombe mfuko wa mikopo ya dharura. Wengine wanapinga vikali.

Afisa mikopo wa SACCO, Thika

Dada au Kaka Katibu, mimi nasimama na wanaopinga, au niseme, nasimama nao kwa miezi ya mwanzo.

Machi 2020 Benki Kuu ilishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 na kupunguza akiba ambayo benki hulazimika kuiweka kwake, hatua ambayo iliachia benki kama shilingi bilioni 35 za kukopesha. Benki nazo ziliruhusiwa kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika, na kufikia mapema mwaka 2021 mikopo ya takriban shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini, ilikuwa imepangwa upya. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa sana, na iliokoa hoteli, shule za binafsi na wenye matatu wengi wasinyang'anywe mali. Lakini ilimhusu aliyekuwa na mkopo wa benki. Anayedaiwa na chama chake, na mwenye duka la jumla au na programu ya mikopo ya simu hakuwa na wa kukaa naye mezani. Alichopata ni kwamba Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa wasipeleke majina CRB, na kwamba wenye deni lisilofika shilingi 1,000 wasiorodheshwe. Ni jambo jema ambalo lilikuwa limechelewa.

Mfuko wa dhamana uliotajwa Mei ulizinduliwa Desemba, kwa mtaji wa shilingi bilioni 3 na benki saba. Tazama mwezi. Mpishi aliyefunga jiko lake Machi alikuwa ameshauza masufuria yake kufikia wakati huo. Na hata mkopo ungekuja Aprili, ningemshauri asiuchukue, kwa sababu mtu hakopi ili ale wakati barabara imefungwa na hakuna mnunuzi. Mkopo ni wa siku ya kufungua tena, pale anapohitaji gunia la kwanza la viazi na debe la mafuta, na hapo ndipo riba nafuu na muda wa miezi michache bila kulipa humfaa. Ombeni fedha za kujikimu wakati wa kufungwa, na mtaji mdogo wakati wa kufunguliwa, tena muandike wazi kwamba hayo ni mambo mawili.

Nikuongezee la kodi ya nyumba, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Wanachama wetu wengi waliotoa akiba yao yote mwaka ule waliitoa kwa ajili ya kodi ya chumba na ya kibanda. Seneti iliandaa muswada wa kukabiliana na majanga ya maradhi uliogusa mambo ya wapangaji na wenye nyumba, lakini haukuwa sheria. Vibanda vilivyo chini ya kaunti viko ndani ya uwezo wa wale mnaowaandikia, na hapo hamhitaji kusubiri Bunge.

Msomaji, Tanga

Ndugu zetu wa Kenya, nimewafuatilia kwa makini, naomba nichangie kwa ufupi yale ya upande wetu, kwa sababu yalikwenda kwa njia nyingine.

Tanzania haikuwafungia watu ndani, hivyo mwaka 2020 hapakuwa na fedha za kugawiwa familia kwa sababu ya kufungwa, ingawa wateja walipungua na watalii hawakuja, na mama lishe wa stendi na mbeba mizigo wa bandarini waliumia bila amri yoyote. Fedha kubwa ilikuja Septemba 2021, wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa dola milioni 567, sawa na shilingi trilioni 1.3 za kwetu. Mpango wake ulizinduliwa Dodoma Oktoba mwaka huohuo. Sehemu kubwa ilijenga, na madarasa 15,000 ndiyo watu wanayoyakumbuka zaidi, pamoja na huduma za afya na maji, na fedha nyingine zikatengwa kwa ajili ya vikundi vya wajasiriamali wadogo, wakiwemo machinga. Madarasa yale nayatetea. Watoto wetu wanayatumia, na mafundi wa mitaani walipata kazi ya kuyajenga. Lakini mama lishe aliyekosa wateja mwaka 2020 hakulishwa na darasa lililojengwa mwishoni mwa 2021.

Tulichokuwa nacho, ambacho kinashabihiana na maneno ya Mzee wa Kilifi, ni TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini. Kaya zilizokuwa zimeshaandikwa katika mpango ule ziliendelea kupokea ruzuku. Zile zilizoanguka katika umaskini kwa sababu ya korona yenyewe hazikuwa kwenye orodha, kwa kuwa zilikuwa zikijitegemea jana yake. Mzee atanisamehe nikisema kwamba daftari la maskini pekee halitoshi. Muuza samaki mwenye afya na wateja hawezi kuandikwa leo kama maskini, ilhali ndiye wa kwanza kuanguka siku soko linapofungwa.

Mwanafunzi wa sera za umma, Nairobi

Hoja ya ndugu yetu wa Tanga ndiyo iliyonifanya niandike. Kuna nchi moja ya Afrika iliyolikabili tatizo hilohilo kwa haraka, nayo ni Togo. Aprili 2020 serikali yake ilianzisha mpango ulioitwa Novissi. Mtu alipiga nambari fupi kwa simu yoyote, hata isiyo na intaneti, akaingiza nambari ya kadi yake ya mpiga kura, na mfumo ukaangalia anakoishi na kazi aliyoitaja alipojiandikisha kupiga kura. Akistahili, fedha ziliingia kwenye simu yake papo hapo. Katika jiji la Lomé na viunga vyake, mwanamke alilipwa faranga 12,250 kwa mwezi na mwanamume 10,500, kwa hoja kwamba wanawake ndio wanaobeba zaidi mahitaji ya nyumba.

Sababu ya kuwezekana haikuwa utajiri, kwa kuwa Togo ni maskini kuliko Kenya. Daftari la wapiga kura lilikuwa limetoka kuhuishwa kwa ajili ya uchaguzi wa Februari 2020, lilikuwa na idadi kubwa sana ya watu wazima, na lilikuwa na safu ya kazi. Dobi alikuwa ameandikwa dobi kabla hajawa na shida. Kenya nayo ilikuwa na sajili moja ya mipango ya ulinzi wa jamii tangu 2016, lakini ilikusanya majina ya waliokuwa tayari wakipokea msaada, kwa hiyo haikuwa na namna ya kumtambua kinyozi.

Na kwenu kaunti inazo tayari orodha za kazi, Ndugu Katibu. Inazo leseni za biashara, inazo stakabadhi za ada za soko, na vyama kama chenu vina vitabu vya wanachama. Hizo ndizo safu za kazi ambazo sajili ya maskini haina. Mkiomba kwamba orodha hizo zihuishwe kila mwaka, ziwe na laini ya simu iliyothibitishwa kwa jina la mwenyewe, na zitumike kutoa fedha za kujikimu punde kaunti inapofungwa, mtakuwa mmeomba kitu kinachoweza kutekelezwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka dola iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu, na ni vyema kukitaja ili ombi lisisomwe kama la hisani. Tahadhari yangu ni moja. Orodha ya leseni inaweza kugeuzwa kuwa orodha ya kudai kodi, na mchuuzi akihisi hivyo hataandikisha jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa zilizokusanywa kwa kusudi moja zisitumiwe kwa kusudi lisilopatana nalo, kwa hiyo kusudi liandikwe juu ya fomu yenyewe.

Katibu wa Chama, Mombasa

Nimesoma yote mara mbili, na rasimu imeanza kupata umbo. Tutaanza na orodha ya kazi, wapangaji wakiandikwa kwa chumba na si kwa nyumba. Halafu tutaomba kusitishwa kwa ada za soko na kodi ya vibanda vya kaunti tangu siku ya kufungwa, malipo ya madeni ya wadogo, fedha za kujikimu zenye tarehe, na mtaji wa kufungulia. Wanachama wanaotaka mikopo nitawasomea maneno ya Afisa wa Thika kama yalivyo.

Limebaki jambo moja linalotugawa. Baadhi wanataka majina ya watakaolipwa yabandikwe hadharani ukutani ili upendeleo uonekane. Kina mama kadhaa wamekataa, wakisema hawataki majirani na wanaowadai wajue siku walipopokea fedha. Mzee, wewe uliyekaa na daftari, ungeamuaje?

Mzee wa mtaa mstaafu, Kilifi

Mwanangu, kina mama wana haki, na wanaotaka kubandika pia wana haki. Mimi ningebandika orodha wakati wa kuandikisha, kabla ya fedha yoyote kuwepo, yenye jina na kazi peke yake, ili aliyeachwa aone na mwenye jina la uongo atajwe. Malipo yakianza, yawe siri ya mtu na simu yake. Halafu muombe iwekwe meza moja, katika ofisi ya wadi, yenye karani wa kupokea malalamiko ya jina lisilolingana na laini, na karani huyo awe na uwezo wa kurekebisha papo hapo. Yule jirani yangu hakuhitaji zaidi ya meza hiyo. Msiiache nje ya barua.

Na kuhusu ndugu yetu wa Tanga, amenisahihisha vizuri. Safu ya kazi ingekuwa ya tano katika daftari lile.